Kabla ya Kufunga Pipa: Mikunde ya Kuchachusha na Sumu Usiyoiona

Bei ya mashudu ya soya ikipanda, mfugaji wa Ruai au Dagoretti, hapa Nairobi, hupiga hesabu nyingine: anunue soya mbichi au maharagwe ya bei ya chini soko la Nyamakima, ayachachushe mwenyewe kwenye pipa la bluu, nguruwe na kuku wapate protini. Hesabu hiyo si mbaya. Uchachushaji hupunguza faiteti inayofungia mnyama fosforasi, na vijidudu hula zile sukari za mikunde zinazomjaza gesi. Ila kuna imani imeenea kwamba pipa husafisha kila kitu. Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu ambayo wengi tunaiita aflatoksini, huwezi kutegemea chachu iiondoe. Ikiingia Jumatatu utaikuta siku ya kufungua, na safari hii uchachu utakuwa umefunika harufu ya uvundo iliyokuwa ikikuonya. Kwa hiyo kazi kubwa iko sokoni na jikoni, kabla pipa halijafungwa.

Tuanze na gunia la bei ya kutupa. Mara nyingi ni masalio ya uchambuzi: punje zilizovunjika, zilizonyauka, zenye madoa au matundu ya wadudu. Mchambuzi aliyezitoa kwenye maharagwe ya watu alijua anachofanya, kwa kuwa sumukuvu hukusanyika zaidi kwenye punje za aina hiyo. Ukinunua masalio hayo ili uokoe pesa, umenunua ile sehemu ya shehena yenye hatari kuliko zote. Mimi ningelipa zaidi kidogo nipate punje nzima.

Mikunde nayo haifanani. Njugu karanga na mashudu yake huongoza kwa hatari. Soya hushambuliwa kidogo. Sumu hii yenyewe ilitambuliwa kupitia njugu: mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, na uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya njugu yaliyotoka Brazil. Hapa kwetu somo lilikuja na mahindi. Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Nataja mahindi kwa sababu wengi wetu huongeza pumba au mahindi yaliyosagwa kwenye mchanganyiko, halafu soya safi ikachafuliwa na mwenzake. Kila kinachoingia pipani kikaguliwe, hata kile cha kuongeza ujazo tu.

Ukiwa dukani, usitosheke na punje za juu. Omba gunia lifunguliwe, ingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Ukikuta joto, au punje zimeshikana mabonge, aga uende. Unyevu unaotakiwa ni asilimia 13 kushuka chini. Kama huna mashine, tumia chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, tia punje hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa vizuri, funga, tikisa, kisha subiri robo saa. Chumvi ikigandia ukuta wa chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mzigo huo si wa kuweka ghalani. Isipoganda, bado anika siku moja au mbili kwenye turubai, kamwe si kwenye udongo mtupu. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, fanya zoezi hili kila unaponunua, na magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kumbuka pia kwamba punje inayong'aa inaweza kuwa na sumu, na yenye ukungu ikakosa. Jicho hupunguza hatari, halitoi cheti. Ukipeleka sampuli maabara (ya mifugo ya serikali iko Kabete), chota kidogo kidogo kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, uchanganye. Sumukuvu hukaa kwa mafungu. Kiganja kimoja cha juu kinaweza kukupa majibu ya kukufurahisha bure.

Halafu kuna sumu ambazo mmea umejitengenezea. Maharagwe mekundu mabichi yana lektini inayochubua utumbo, na soya mbichi ina vizuizi vya tripsini (kimeng'enya cha kusaga protini tumboni) vinavyomnyima kuku na nguruwe faida ya protini ile ile uliyoilipia. Uchachushaji huvipunguza kwa kiasi kisichotabirika. Moto ndio wa kutegemea. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha chemsha kwa maji mapya. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo zile dakika kumi zinazotajwa kwingine zisikutoshe. Hesabu nusu saa ya mchemko wa kutokota kweli kweli, hadi punje ibonyezeke kwa vidole. Kuyaacha maharagwe mekundu yapate joto polepole kando ya jiko bila kuchemka ni hatari zaidi, maana joto dogo huweza kuongeza ukali wa lektini. Na kwa wenye ng'ombe: soya mbichi usiichanganye na urea, kwa kuwa ina kimeng'enya kinachoigeuza urea kuwa amonia haraka.

Pipa liwe ambalo awali lilibeba chakula. Lililobeba dawa ya mashamba halioshwi likawa salama, hata muuzaji wa Gikomba aape vipi. Poza punje, saga, ongeza molasi kidogo na maziwa lala yasiyo na sukari ya kuwa mbegu ya chachu. Maji yapime kwa kiganja: ukikamua, donge lishikane na vidole vilowe, lakini yasidondoke. Shindilia hewa itoke, funga, na uache njia ndogo ya gesi kupumua. Julai kazi hii huenda taratibu kwa baridi. Ongeza siku, usiongeze molasi.

Siku ya kufungua, tumia karatasi za kupima pH (kipimo cha uchachu; namba ikishuka, uchachu umepanda), zinauzwa maduka ya vifaa vya maabara. Unatafuta 4.5 au chini. Harufu iwe kama ya maziwa lala. Ikinuka siagi iliyooza, ujue klostridia, bakteria wa kuozesha, wameshinda. Ikinuka amonia, umepotea njia, isipokuwa kama ulinunua chachu ya basilasi (bakteria wa aina nyingine), ambayo harufu hiyo ni kawaida yake na pH hupanda badala ya kushuka. Ukungu ukiwa umezama ndani ya pipa dogo, mimi singekwangua juu nikalisha chini. Na ukikuta panya amefia humo, pipa zima ni la kuzikwa: mzoga ndani ya lishe ni chanzo kinachojulikana cha botulizimu, sumu ya kupoozesha, kwa ng'ombe.

Amua mapema nani atakula. Bata ni dhaifu mno kwa sumukuvu, nguruwe wadogo pia. Ng'ombe wa maziwa anataka uangalifu zaidi, si kwa ajili yake tu. Sehemu ya sumu aliyokula hugeuka kuwa aflatoksini M1 na kuonekana kwenye maziwa ndani ya siku moja. Kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, ni nusu mikrogramu kwa kilo ya maziwa. Kuchemsha chai hakuiondoi. Ukiacha lishe hiyo, maziwa huanza kusafika baada ya siku chache, kwa hiyo ukishuku, simamisha lishe kwanza, maswali baadaye.

Wape kidogo kwanza, ukiangalia mavi na hamu ya kula. Na kabla hujalisha, jaza kichupa kimoja kutoka kila pipa, andika tarehe na duka ulikonunua, weka kwenye friza. Mnyama akiugua wiki mbili baadaye, daktari wa mifugo atauliza alikula nini, na pipa litakuwa limeshaoshwa.