Mgonjwa anaenda thieta (chumba cha upasuaji) asubuhi, wewe nesi umuandae vipi

Sawa, tuanze na tumbo maana hapo ndo wengi wanateleza. Chakula kigumu mwisho masaa 6 kabla ya nusu kaputi, maji matupu mwisho masaa 2, ila usimwambie tu "usile", mwambie kwanini, kwamba akilala na tumbo limejaa anaweza kutapika na matapishi yakaingia kwenye mapafu, na muulize hivi, "umeweka nini mdomoni tangu jana usiku?" maana ukimuuliza umekula atakujibu sijala kumbe chai ya maziwa kanywa saa moja iliyopita, na maziwa yanahesabika kama chakula.

Fomu ya ridhaa asaini akili ikiwa timamu, yaani kabla hujampa dawa yoyote ya kumtuliza. Kama hajaelewa anafanyiwa nini muite daktari arudi amueleze, usimbembeleze asaini ili mambo yaende.

Aleji, presha, sukari, dawa anazotumia hasa za kuyeyusha damu, andika zote. Halafu meno bandia, hereni, pete vitoke, rangi ya kucha futa maana ile klipu ya kidoleni inaweza kusoma oksijeni vibaya.

Akojoe kabla ya kutoka wodini. Jina kwenye bangili lilingane na faili, na aoneshe mwenyewe kwa kidole upande unaopasuliwa, hata kama alama ishachorwa.

Na akisema anaogopa, kaa nae hata dakika mbili jamani.