Kazi ya mteja kwa mnasihi

Wengi huenda kwa mnasihi, yaani mshauri nasaha, wakitarajia kile wanachokipata kwa mzee wa ukoo, shehe au mchungaji: unaeleza, anasikiliza, anakata shauri. Mnasihi hakati shauri. Ukimuuliza "Sasa nifanyeje?" naye akakurudishia swali, usidhani hajui kazi. Uamuzi ni wako, na atakayeishi nao ni wewe.

Kabla ya kikao cha kwanza, andika kinachokusumbua, kilianza lini, kimeharibu nini (usingizi, kazi, ndoa) na ungependa nini kibadilike. "Nataka furaha" halipimiki. "Nataka kuzungumza na mume wangu habari za fedha bila kupigiana kelele" linapimika. Orodhesha pia dawa zote unazotumia, zikiwemo za miti shamba, pamoja na pombe au mirungi. Hivi hugusa usingizi na hisia moja kwa moja, na mteja akivificha mnasihi hutafuta chanzo pasipo chanzo.

Kikao huchukua kama dakika 45 hadi 60, na cha kwanza huishia zaidi kwenye maswali na makubaliano. Nawe uliza: amesomea nini, amesajiliwa wapi (Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014), ada ni kiasi gani, ukiahirisha inakuwaje, na siri inaishia wapi. Kwa kawaida siri huweza kuvunjwa pakiwa na hatari ya wewe kujiua au kumdhuru mtu, mtoto akiwa anaumizwa, au mahakama ikiamuru. Usisaini fomu usiyoielewa.

Huenda ukapewa dodoso la PHQ-9, linalopima dalili za sonona: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla isiyozidi 27. Kuna wanaopunguza alama kwa aibu na wanaoziongeza ili wahudumiwe upesi. Ukifanya hivyo, dodoso litakaporudiwa hutajua kama umepata nafuu. Swali la mwisho linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukikubali kuwa unayo, utaulizwa zaidi, kwa mfano kama una mpango. Jibu wazi, maana majibu hayo ndiyo yanayoamua usaidiwe haraka kiasi gani.

Jambo zito lina tabia ya kutajwa dakika ya mwisho, mkono ukiwa kwenye kitasa, na hapo muda wa kulishughulikia haupo tena. Dawa yake ni kusema mapema: "Kuna jambo naogopa kulisema." Si lazima ulitaje siku hiyo.

Kazi ya nyumbani anayokupa mnasihi ndipo wengi wanapokwama. Ukiambiwa uandike mawazo yako, andika siku ileile: saa, tukio, ulichofikiri, hisia kwa kipimo cha 0 hadi 10, ulichofanya. Daftari lililojazwa lote usiku wa kuamkia kikao linajulikana tu, kwa sababu kumbukumbu ya wiki nzima hulainisha kila kitu. Kama hukuifanya, nenda hivyohivyo na useme kwa nini. Sababu hiyo mara nyingi ina maana kuliko daftari lenyewe.

Vikao vitatu au vinne vikipita bila badiliko, sema. Mwanasaikolojia Edward Bordin, mwaka 1979, aliutaja ushirikiano wa mteja na mtaalamu kuwa na sehemu tatu: lengo, kazi na uhusiano. Zitumie kutafuta penye kasoro: hamfuati lengo moja, zoezi halikufai, au humwamini? Kosa la tatu huenda likadai mnasihi mwingine, na kumwomba wa sasa akuelekeze kwa huyo mwingine si utovu wa adabu. Mnasihi akikutaka kimapenzi, acha na umripoti, hilo halijadiliwi.

Ukitaka kuacha, usipotee kimyakimya. Omba kikao cha kufungia, mwandike pamoja dalili za kurudi kwa tatizo na mtu wa kumpigia zikianza. Mawazo ya kujiua yakikujia katikati ya wiki, usingoje miadi: mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali, kitengo cha dharura.