Somo: chora boksi uone sikoseli inavyorithiwa, kabla ukweni hawajaanza kumlaumu mama

Wadau habari za jioni. Leo tufanye somo taratibu, kila mtu na kalamu yake, maana inaniuma sana kuona mwanamke hapa hapa Dar anasemwa na mawifi kwamba kaleta ugonjwa kwenye ukoo wao wakati ukikaa na karatasi dakika chache tu unajionea mwenyewe kwamba mtoto wa SS, yaani mwenye ugonjwa wa sikoseli, lazima apokee S kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Na hili si jambo la watu wachache, Tanzania inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa na sikoseli kila mwaka.

Hatua ya 1: jua una kopi mbili
Ndani ya seli zako kuna kromosomu 46, yaani jozi 23, nusu umepewa na baba nusu na mama. Humo ndo kuna jeni, ambazo ni maelekezo ya kuutengeneza mwili. Jeni yetu ya leo iko kromosomu namba 11, inaelekeza kutengeneza hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu. Kopi iliyo sawa tunaiandika A, yenye hitilafu tunaiandika S. Hitilafu yenyewe ni herufi moja tu ya DNA imebadilika, moja! lakini hiyo moja inatosha kuzifanya chembe nyekundu zipinde umbo la mundu oksijeni ikipungua, zinakwama kwenye mishipa midogo, mtoto analia mifupa usiku kucha.
AA hana kitu. AS ni mbebaji, anaishi vizuri tu na wengi hawajijui. SS ndo anaumwa.

Hatua ya 2: mzazi anatoa moja tu
Yai la mama na mbegu ya baba kila moja inabeba kromosomu 23, si 46. Kwa hiyo mwenye AS anatoa A au anatoa S, na hachagui.

Hatua ya 3: chora boksi
Chora mraba, ugawe vyumba vinne. Juu andika za baba: A, S. Pembeni kushoto andika za mama: A, S. Sasa jaza kila chumba kwa kukutanisha herufi ya juu na ya pembeni. Umepata AA, AS, AS, SS. Maana yake kila mimba ina asilimia 25 ya kuwa AA, 50 AS na 25 SS. Badilisha wazazi ujaribu tena: AA na AS hakuna SS hata mmoja, AA na SS watoto wote wanakuwa AS, AS na SS nusu kwa nusu kati ya AS na SS. Fanya zote nne kwa mkono wako usinakili kwangu, ndo itakaa kichwani.

Hii kitu aliianza mtawa mmoja, Gregor Mendel, kule Brno, akachapisha kazi yake mwaka 1866. Alizalisha njegere za mviringo na zenye makunyanzi, kizazi cha kwanza zikatoka zote mviringo, ungesema makunyanzi yamefutika kabisa, afu alipoziacha hizo zizaliane zenyewe akahesabu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye makunyanzi. Chukua simu ugawanye, inakuja karibu 3 kwa 1, ni boksi lile lile ulilochora sasa hivi: vyumba vitatu vyenye A vinaonekana sawa, kimoja tu cha SS ndo kinajitokeza. Ndo maana mtoto wa SS anaweza kuzaliwa kwenye ukoo ambao bibi na babu hawajawahi kuumwa hata siku moja, ile S ilikuwepo tu imetulia.

Hatua ya 4: rusheni sarafu
Hapa ndo wengi wanapotea kwa hiyo tulieni. Baba ashike sarafu ya mia mbili, mama ashike yake. Upande wa kichwa ni A, upande wa simba ni S. Rusheni pamoja, mrusho mmoja ndo mimba moja, andika kilichotoka, rusheni tena na tena. Utaona simba na simba inakuja mara mbili mfululizo, saa ingine unarusha weee haiji. Sarafu haina kumbukumbu, wala mimba ya pili haijui ya kwanza ilikuwaje.

Hatua ya 5: kapimeni
Ombeni kipimo kinachotenganisha AA, AS na SS, kinaitwa elektroforesisi ya hemoglobini. Kile cha haraka cha kuangalia kama chembe zinapinda kinaonyesha S ipo lakini hakikwambii wewe ni AS au SS. Na kama umeongezewa damu ndani ya miezi mitatu hii waambie kabla, damu ya mtu mwingine inavuruga majibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Wawili: Wa kwanza kakutwa SS, sisi wote AS. Je hawa wanaofuata ndo wamepona maana ile robo imeshatoka?
Jibu: Hapana dada yangu, pole sana. Robo inaanza upya kila mimba. Ukijifungua, mtoto apimwe mapema hata kama anaonekana mzima, kwa sababu miezi ya mwanzo bado ana ile hemoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, inayomkinga, dalili nyingi zinaanza akifika kama miezi sita, mara nyingi vidole vya mikono na miguu vinavimba. Akijulikana mapema anaanza dawa za kinga mapema.

Kijana wa Temeke: Mimi grupu O chanya, si niko salama?
Jibu: Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa kaka. Grupu la damu lina jeni zake, unaweza kuwa O na ukawa AS, ukawa O na SS.

Dereva Ubungo: Mimi grupu A mke wangu grupu B, mtoto O. Nyumbani pamechafuka.
Jibu: Patulie. Hapa A ni ya grupu, si ile ya hemoglobini. Wewe ukiwa AO na mama BO, yaani kila mmoja kabeba O iliyojificha, chora boksi: AB, AO, BO, OO. Huyo OO ndo mwanao. Usimtuhumu mtu kwa hilo.

Shangazi Mbagala: Nasikia AS hawaugui malaria?
Jibu: Wanaugua shangazi, ila S moja inawakinga kiasi na malaria kali hasa utotoni, na ndo sababu S imebaki nyingi sehemu zenye mbu kama kwetu. Chandarua kibaki palepale. Mwenye SS yeye malaria ni hatari zaidi.

Binti Kigamboni: Mdogo wangu ni SS, wazazi wote AS, mimi naelekea kuolewa na sijawahi kuumwa. Nafasi yangu ya kuwa AS ni nusu?
Jibu: Mdogo wangu, ni kubwa kuliko nusu. Rudi kwenye boksi, futa chumba cha SS kwa sababu tayari unajua hauko humo. Vimebaki vitatu, viwili ni AS, kwa hiyo ni mbili ya tatu. Nenda kapime wiki hii, na mchumba mwende naye, majibu msome pamoja.