Kugawa malisho kwa mzunguko: anza na mizani, uzio baadaye

Karibu theluthi moja ya nafaka inayovunwa duniani hulishwa mifugo. Lakini ukijumlisha vyote ambavyo mifugo hula, asilimia 86 ni vitu ambavyo binadamu hali: nyasi, majani, mabua, mashudu. Hesabu hiyo ilitolewa na watafiti wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2017, nami hupangia kazi yangu juu yake. Ng'ombe ana vijidudu tumboni vinavyovunja nyuzinyuzi ambazo tumbo letu haliwezi. Nyasi zikikanyagwa au kukomaa bure, pengo lake tunaliziba kwa mahindi na soya, yaani kwa chakula cha watu.

Kugawa malisho kwa mzunguko ni kuyakata vitalu, yaani vipande, kundi likila kimoja baada ya kingine huku vingine vikipumzika. Nitatumia mfano wa ng'ombe 10 wa maziwa, kila mmoja kilo 400. Weka namba zako mahali pa zangu.

Hatua ya 1: Jua kundi linakula kiasi gani

Kadiria asilimia 3 ya uzito wa mwili kwa siku, kwa chakula kilichotolewa maji. Kilo 400 zinahitaji kilo 12 kavu. Kundi zima, kilo 120 kwa siku. Kama huna mizani ya ng'ombe, utepe wa kupimia mzingo wa kifua unatosha.

Hatua ya 2: Pima nyasi zako

Tengeneza fremu ya mita 1 kwa mita 1. Iweke sehemu 10 au zaidi, palipostawi na palipodhoofu, bila kuchagua. Kata nyasi zilizo ndani yake ukiacha sentimita 10 kutoka ardhini, pima, kisha tafuta wastani. Tuseme umepata gramu 800. Nyasi mbichi kwa kawaida huwa na maji kama asilimia 80, kwa hiyo uzito mkavu ni gramu 160. Ukitaka uhakika, kausha sampuli hadi uzito wake usishuke tena.

Si zote zitaliwa. Nyingine zitakanyagwa, nyingine zitaangukiwa na kinyesi. Hesabu asilimia 60 tu: gramu 96 kwa kila mita ya mraba.

Hatua ya 3: Pata ukubwa wa kitalu

Kundi likikaa siku 2, litahitaji kilo 240. Gawa kwa kilo 0.096, unapata mita za mraba 2,500, yaani robo hekta.

Kwa nini siku 2 na si wiki nzima? Hapa ndipo malisho mengi huharibikia. Nyasi iliyokatwa na meno ya ng'ombe, kukiwa na unyevu na joto, huanza kuchipua ndani ya siku chache. Chipukizi hilo ni laini na tamu, na ng'ombe hulirudia akiacha nyasi ngumu zilizo kando yake. Mmea uliokwisha tumia akiba yake kutoa jani jipya unalipoteza kabla halijarudisha kitu. Ukirudiwa hivyo mara kwa mara mizizi hufupika, magugu huingia, udongo hubaki wazi. Hata ng'ombe wawili wanaweza kuharibu sehemu za malisho makubwa wakiachwa humo muda wote. Kwa hiyo kabla hujalaumu wingi wa ng'ombe, tazama siku wanazokaa mahali pamoja.

Hatua ya 4: Pata idadi ya vitalu

Gawa siku za kupumzisha kwa siku za kulisha, ongeza 1. Mapumziko ya siku 40 yanakupa vitalu 21, jumla hekta 5.25. Ardhi ikipungua, punguza ng'ombe au leta majani ya kukata kutoka kwingine. Usipunguze mapumziko. Yenyewe hayafuati kalenda: mvua ikikubali siku 30 zaweza kutosha, kiangazi zaweza kuzidi 60. Rudisha kundi pale nyasi zilipofika kimo zilichokuwa nacho ulipozipima mwanzo.

Uzio wa nje uwe wa kudumu, wa ndani waya mwepesi wa umeme unaohamishika. Na maji yafuate kundi. Ng'ombe anayekamuliwa aweza kunywa lita 60 hadi 100 kwa siku. Akiyafuata mbali atashinda huko, na mbolea yake itarundikana penye birika badala ya kurudi kwenye nyasi.

Hatua ya 5: Kuingiza na kutoa

Tanguliza wanaokamuliwa, mitamba na waliokaushwa (walioacha kukamuliwa) wafuate, wote ndani ya siku zile 2. Watoe zinapobaki sentimita 10. Majani hayo yaliyobaki ndiyo yanayolisha mizizi, na viluwiluwi vingi vya minyoo hukaa chini ya kimo hicho.

Changanya mikunde, kwani huongeza protini na nitrojeni. Ila usiingize ng'ombe mwenye njaa kwenye lusini (alfalfa) iliyolowa: tumbo huvimba kwa gesi na anaweza kufa upesi. Mpe kwanza nyasi kavu. Lukina, mti wa jamii ya mikunde, isizidi theluthi ya mlo, kwa sababu ina sumu ya mimosini.

Hatua ya 6: Ziada

Mvua zikizidisha nyasi, ruka kitalu kimoja au viwili, kata kabla mbegu hazijakomaa, kausha au sindika (zishindilie bila hewa zichachuke).

Hatua ya 7: Hesabu midomo isiyozalisha

Mwaka 2013 FAO ilikadiria kuwa mifugo huchangia asilimia 14.5 ya gesi joto zitokanazo na shughuli za binadamu, na methani ya kucheua ni sehemu kubwa yake. Wapo wanaodai malisho ya mzunguko huifuta yote kwa kaboni inayoingia udongoni. Sikubaliani nao: udongo huhifadhi kaboni hadi kiwango fulani, kisha kasi hupungua, ilhali ng'ombe anaendelea kucheua. Tunachoweza ni kupunguza methani kwa kila lita ya maziwa. Mtamba azae akiwa na miezi 24 hadi 28, asingoje 40. Ng'ombe asiyeshika mimba baada ya matibabu aondoke kundini.

Andika tarehe ya kuingia, ya kutoka, kimo cha nyasi na lita za maziwa za siku hiyo. Rudia kipimo cha fremu kila msimu unapobadilika: gramu 96 za wakati wa mvua hutazikuta kiangazi, na waya wa ndani lazima usogezwe kulingana na utakachopima.