Mgeni wa bustani ya wanyama asiishie kupiga picha

Nilipoanza kuongoza wageni, kosa langu lilikuwa kuhubiri. Ujangili, ukataji misitu, mabadiliko ya tabianchi. Nikifika la tatu, watu wanaangalia saa.

Siku hizi naanza kwa kunyamaza. Mwache mgeni amtazame gorila akimenya bua taratibu, akitupa ganda, akitafuna kiini. Dakika tano zatosha. Kisha toa simu yako mfukoni. Eleza kwamba ndani yake mna tantalamu, metali itokanayo na madini ya koltani, na kwamba baadhi ya koltani huchimbwa mashariki mwa Kongo, kwenye misitu wanamoishi gorila. Hapo omba jambo moja tu (ukiomba mawili umeshakosa yote): simu mbovu iliyolala kwenye droo iletwe, ikarejelezwe. Sanduku liwe palepale karibu na gorila, si kule getini. Bustani ya wanyama ya Melbourne, Australia, iliwahi kukusanya simu za wageni namna hiyo.

Mgeni akisema "tumeshachelewa", msimulie choroa wa Arabuni, aina ya swala mkubwa: alitoweka porini 1972, waliozalishwa bustanini wakarudishwa Oman 1982.

Mabango marefu? Hakuna anayeyasoma. Ila sanduku likijaa, usiharakishe kulimwaga. Wageni walione limejaa.