Namna ya kutumia neno brusque bila kumwonea mtu

Kazi yangu ni kufundisha Kiingereza vijana wa mapokezi na waongoza watalii hapa Mombasa. Neno ninalolisisitiza kila darasa ni brusque. Asiyelijua humwita rude kila mgeni aliyemjibu kwa mkato, na rude ni shtaka: umesema mtu hana adabu.

Hatua ya 1: Litamke

Waingereza wengi husema "bruusk", Wamarekani wengi "brask". Shika mojawapo. Ile que ya mwisho ni k tupu, kama kwenye mosque na cheque.

Hatua ya 2: Jua mpaka wake

Brusque ni mtu anayesema au kutenda kwa haraka na kwa ukavu, halainishi maneno. Neno haliingii moyoni mwake kutafuta nia. Kiingereza kililichukua kutoka Kifaransa katika karne ya 17, na Kifaransa kutoka Kiitalia brusco, ambalo hutumika kwa ladha kali ya uchachu, kama ya divai.

Sisi wa Pwani tunahitaji uangalifu zaidi hapa, kwa sababu salamu kwetu ni nusu ya mazungumzo. Mtu akiingia duka la viungo Marikiti, hakuna salamu, hakuna habari za asubuhi, akauliza bei ya iliki, akalipa na kutoka, mwenye duka atasema, "Mkavu huyu!" Huyo ni brusque. Angeitupa pesa mezani na kumwita muuzaji mwizi, hapo rude ingemfaa.

Hatua ya 3: Litenge na ndugu zake

Curt huangalia ufupi wa maneno, na asili yake ni Kilatini curtus, kilichokatwa. Hata ujumbe wa simu unaweza kuwa curt. Blunt huangalia ukweli usiofunikwa: daktari anayekwambia waziwazi kwamba sigara zitakuua ni blunt, hata akisema polepole huku amekushika mkono. Gruff ni ya sauti nzito ya kukwaruza, na mara nyingi mwenye sauti hiyo ni mtu mwema kabisa. Brusque huchukua mwenendo mzima: sauti, haraka, na mgongo unaogeuka kabla hujamaliza kusema.

Hatua ya 4: Lipange kwenye sentensi

Linakaa kabla ya nomino: a brusque reply, a brusque manner. Linakaa pia baada ya kitenzi: She was brusque. Aliyetendewa kwa kawaida hutanguliwa na with, kama He was brusque with the porter. Kielezi ni brusquely, nomino ni brusqueness.

Hatua ya 5: Andika na ulichokiona

Hili ndilo zoezi ninalolipenda, nalo hufanyika kwenye daftari la kukabidhiana zamu. Chukua mgeni aliyeshuka treni ya kutoka Nairobi pale Miritini, akafika hotelini shati limeloa jasho na mtoto analia begani. Anaweka pasipoti mezani na kusema "Room key", macho yake yakiwa kwenye lifti. Kijana anaandika: Guest rude. Wa zamu ya usiku akisoma hivyo, atamkwepa mgeni huyo mpaka aondoke.

Sasa andika hivi: Guest was brusque at check-in, tired, baby crying. Anayepokea zamu anajua la kufanya. Atapeleka maji ya baridi na kuuliza kama kitanda cha mtoto kinahitajika. Kwa hiyo nasisitiza: usiliache brusque peke yake kwenye daftari, liandikie jambo uliloliona kwa macho.

Hatua ya 6: Jipime mwenyewe

Kiswahili chetu hubeba adabu ndani ya kitenzi na ndani ya sauti. "Niandikie jina lako hapa" ni kauli ya upole kabisa. Ipeleke Kiingereza moja kwa moja, Write your name here, na mgeni anasikia amri. Upole wa Kiingereza hukaa mwanzoni mwa sentensi: Could you write your name here, please? Wafanyakazi wakarimu sana huitwa brusque kwa sababu hii tu, na inaniuma, maana ukarimu wenyewe wanao tele.

Hatua ya 7: Lisome vizuri likikujia

Mgeni akiandika kwamba mlinzi wa getini alikuwa brusque, usijibu kwamba walinzi wenu hawatukani watu. Hakudai kutukanwa. Mwombe radhi kwa mapokezi makavu, kisha nenda getini. Kama mlinzi amezoea kunyoosha mkono na kusema Bag, mfundishe Good morning, may I check your bag? na mfanye naye mazoezi mpaka imkae mdomoni.