Somo: Kuandaa mashindano ya michezo mingi kwa wazee, hatua kwa hatua

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Somo hili nimedaiwa muda mrefu, leo nalipa deni.

Kwanza tuelewane jambo moja. Mzee anayejiandikisha kwenye mashindano amekuja kushindana. Hakuja kupigiwa makofi ya huruma wala kupigwa picha ameshika mpira ili wajukuu wacheke. Mara ya kwanza nilipoandaa, nilitoa medali zinazofanana kwa kila aliyefika, nikajiona nimetenda wema. Mama mmoja wa miaka 71, aliyekuwa ameshinda mbio za kutembea, akanirudishia ya kwake. "Mwanangu, kama wote tumeshinda, mimi nilikuwa na haraka ya nini?" Tangu siku hiyo naandaa kwa namna nyingine, na karibu kila kitu hapa chini kimetokana na swali lake.

Tena msidhani ni michezo ya pembeni. World Masters Games, michezo ya dunia ya maveterani (wanamichezo wa umri mkubwa), zilianza Toronto mwaka 1985, na zile za Sydney za 2009 zilikuwa na washiriki zaidi ya 28,000, zaidi ya mara mbili ya wanamichezo wa Olimpiki ya Beijing ya mwaka uliotangulia. Kule umri wa kuingia ni mdogo: riadha ya maveterani huanzia miaka 35, kuogelea 25. Marekani wana National Senior Games tangu 1987, na hizo ni za miaka 50 kwenda juu. Sisi tunazungumzia hao wa 50 na zaidi.

HATUA YA 1: MAKUNDI YA UMRI

Hapa ndipo mashindano yanapofa au kupona. Gawa kwa miaka mitano mitano: 50–54, 55–59, 60–64, na kuendelea hadi utakapoishiwa watu. Waandaaji wengi hushawishika kugawa kwa kumi kumi ili kazi ipungue. Kwa walio kwenye hamsini unaweza kuponea, lakini kasi na nguvu hushuka kwa haraka zaidi baada ya miaka 70. Mtu wa 71 akiwekwa na wa 79, umeshaamua matokeo kabla filimbi haijalia.

Amua pia umri unahesabiwa siku gani, kisha uandike kwenye fomu. Riadha ya maveterani huangalia umri ulio nao mashindano yanapoanza. Kuogelea huangalia umri utakaokuwa umefikisha tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Yote mawili sawa, ila chagua moja. Ugomvi mkubwa kuliko wote niliowahi kuusuluhisha ulihusu mzee ambaye siku yake ya kuzaliwa ilikuwa keshokutwa yake.

HATUA YA 2: CHAGUA MICHEZO

Michezo sita inatosha. Changanya ya kutoa jasho na ya kutuliza akili, ili mwenye goti bovu asibaki mtazamaji. Mfano wa orodha yangu: kutembea kwa kasi mita 1,500, kurusha tufe, tenisi ya meza, vishale, petanki, na drafti.

Petanki nawasihi muijaribu. Jina lake lenyewe linatokana na kusimama miguu ikiwa imekitwa chini: unasimama ndani ya duara, unarusha tufe la chuma likaribie kigololi kilicho mita 6 hadi 10 mbele yako. Hakuna kukimbia, lakini ujanja umejaa tele.

Mpira wa miguu nao una namna yake ya kiutu uzima, mpira wa kutembea, ulioanzia Chesterfield, Uingereza, mwaka 2011. Ukikimbia, hata bila mpira, ni kosa. Tahadhari tu na waliowahi kuwa mafowadi: miguu imezeeka, moyo haujapata taarifa.

Mbio fupi za mita 100 mimi huziacha kwa wale wanaozifanyia mazoezi. Msuli wa nyuma ya paja ukikatika saa mbili asubuhi, siku ya mtu imekwisha.

HATUA YA 3: USAJILI

Fomu iwe ukurasa mmoja, kwa herufi kubwa. Jina, tarehe ya kuzaliwa, michezo (isizidi mitatu kwa mtu), dawa anazotumia, na namba ya ndugu wa kupigiwa. Omba kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa. Funga usajili wiki mbili kabla, na ukishafunga, umefunga. Vinginevyo hatua inayofuata itakutoa machozi.

HATUA YA 4: RATIBA

Epuka mtoano. Kwenye mtoano nusu ya watu wanatolewa baada ya mechi moja. Mtu amefanya mazoezi miezi mitatu, ameamka alfajiri, anacheza dakika ishirini, basi. Weka makundi ya watu wanne wanne, kila mmoja akutane na kila mmoja. Kundi la wanne lina mechi 6, na kila mtu anacheza 3. Kundi la watano lina mechi 10, na la sita lina 15. Unaona jinsi hesabu inavyopaa, ndiyo maana nasema wanne.

Tenisi ya meza naipigia dakika 25 kwa mechi pamoja na kubadilishana nafasi. Mechi 6 kwa meza moja ni saa mbili na nusu. Ukiwa na makundi manne na meza mbili, tayari ni saa tano. Fanya hesabu hii kwenye karatasi kabla hujamwahidi mgeni rasmi saa ya kufunga.

Michezo ya jasho iwe asubuhi, ya kukaa iwe mchana. Kati ya mchezo mmoja na mwingine wa mtu yuleyule acha angalau saa moja. Mwaka mmoja nilisahau hili, nikampangia mzee mmoja kutembea na kurusha tufe kwa wakati uleule. Akachagua tufe, akashinda, na hadi leo ananikumbusha kwamba angeshinda na kutembea.

Kwa kutembea na kurusha huhitaji kila kundi liwe peke yake uwanjani. Waanzishe watu wa makundi matatu pamoja, kila kundi na rangi yake ya namba kifuani, kisha matokeo uyatenganishe mezani.

HATUA YA 5: VIFAA NA UWANJA

Uzito wa tufe hubadilika na umri, na huu ndio mpangilio unaotumika katika riadha ya maveterani. Wanaume: kilo 6 kwa miaka 50–59, kilo 5 kwa 60–69, kilo 4 kwa 70–79, kilo 3 kuanzia 80. Wanawake: kilo 3 kwa miaka 50–74, kilo 2 kuanzia 75. Zikikuzidi bei, azima shuleni.

Ubao wa vishale: katikati yake iwe mita 1.73 kutoka sakafuni, na mstari wa kurushia mita 2.37 kutoka uso wa ubao. Pima, usikisie.

Uwanjani tembea mwenyewe ukitafuta mashimo, nyaya na mazulia yaliyokunjika. Viti viwe vingi na vyenye migongo. Choo kiwe karibu, na nikisema karibu namaanisha karibu.

Baada ya mstari wa kumalizia acha nafasi ya mita 30, na kusiwe na kiti hapo. Mtu akisimama ghafla baada ya kwenda kasi, damu hubaki miguuni, presha inashuka, anaona giza na kuanguka. Anayetumia dawa za presha yuko hatarini zaidi. Msaidizi awe pale, amshike mkono na watembee pamoja dakika mbili tatu ndipo akae.

HATUA YA 6: AFYA

Kiu hupungua kadiri umri unavyoongezeka, kwa hiyo usisubiri mzee aombe maji. Weka watu wa kuyapitisha. Wenye kisukari wawe na kitu chenye sukari mfukoni, maana mazoezi hushusha sukari, hasa kwa anayetumia insulini. Kupasha misuli kuwe dakika 15 au 20, kwa kutembea na kuzungusha viungo taratibu.

Maumivu ya kifua, kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, jasho la baridi, maumivu ya taya au mkono: mchezo unasimama hapo hapo. Kwa wanawake na wenye kisukari moyo unaweza kuleta shida bila kifua kuuma, kwa hiyo kichefuchefu na uchovu wa ghafla msivipuuze. Wawe angalau watu wawili wanaojua kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mjue mapema kifaa cha kushtua moyo kilicho karibu kiko wapi. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi ya kupona kwa takribani asilimia 7 hadi 10. Gari liwepo, na dereva awe na funguo mfukoni, siyo yuko nazo sokoni.

HATUA YA 7: MATOKEO NA MEDALI

Dhahabu, fedha na shaba kwa kila kundi la umri, wanaume mbali na wanawake mbali. Bandika matokeo ukutani kila mchezo unapoisha, yakiwa na muda na umbali wa kila mtu. Wazee wanayasoma yale makaratasi kuliko gazeti. Kila mmoja anajitafuta, halafu anamtafuta jirani yake.

Je, aliye peke yake kwenye kundi apewe dhahabu? Mpe. Amewashinda wote wa umri wake waliobaki nyumbani.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Mimi nina watu tisa tu, wa kwanza ana 56 na wa mwisho 80. Makundi ya miaka mitano yatanipa medali nyingi kuliko watu. Nifanyeje?

Jibu: Kwa wachache hivyo tumia ulinganifu wa umri. World Masters Athletics, shirikisho la riadha ya maveterani duniani, wana majedwali yenye kigawe (namba ya kuzidishia matokeo) kwa kila umri na kila mchezo wa riadha. Unazidisha muda wa mtu kwa kigawe chake, unapata muda uliosawazishwa, kisha wote tisa wanashindana pamoja. Wa 80 anaweza kufika wa mwisho kwa macho na akawa wa kwanza kwa hesabu. Ila waeleze kabla ya mbio. Ukieleza baada, wa 56 atasema umempendelea mzee.

Swali: Baba yangu ana miaka 68, anatumia dawa ya presha inayopunguza mapigo ya moyo. Anataka kushiriki vishale na upinde. Nimesikia dawa hizo zimekatazwa michezoni, ni kweli?

Jibu: Dawa za kundi hilo, zinazoitwa bitabloka, zimo kwenye orodha ya marufuku kwa baadhi ya michezo ya shabaha, vishale na upinde vikiwemo, kwa sababu hutuliza mkono. Kwenye mashindano ya kirafiki hakuna anayepima, acheze kwa raha. Akienda kwenye ya kitaifa au kimataifa yanayofuata kanuni hizo, aombe kibali cha matibabu mapema kupitia chama cha mchezo wake. Asiache dawa kwa ajili ya medali, tafadhali. Na ukimpima juhudi kwa mapigo ya moyo yatakudanganya, maana dawa inayashikilia chini. Tumia kipimo cha mazungumzo: akiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, hajajikaza kupita kiasi.

Swali: Mama ana 70, hajawahi kucheza chochote tangu shule. Si amechelewa?

Jibu: Olga Kotelko wa Kanada alianza riadha akiwa na miaka 77, akaendelea kukusanya rekodi za umri wake hadi akiwa na zaidi ya 90. Mama yako bado ana miaka saba ya kujiandaa, tunatania. Aonane na daktari kwanza, kisha aanze kutembea. Shirika la Afya Duniani linashauri walio na 65 na zaidi wafanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ya kuimarisha misuli angalau siku mbili, na ya kuzuia mwili kuyumba na kuanguka angalau siku tatu. Aanze na dakika kumi kumi. Shindano la kwanza achague petanki.

Swali: Wengine hawana cheti cha kuzaliwa. Tunawakataa?

Jibu: Swali hili limewahi kumgusa mtu maarufu. Fauja Singh alikimbia marathoni ya Toronto mwaka 2011 akihesabiwa kuwa na miaka 100. Pasipoti yake ilionyesha 1911, lakini cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, na Guinness hawakuiandika rekodi. Wewe huandiki rekodi ya dunia, kwa hiyo kitambulisho chochote rasmi chenye tarehe kinatosha. Kama hana kabisa, mweke kwenye kundi la chini kidogo ya umri anaoutaja, na umwambie ndivyo ulivyofanya. Anayedanganya atalalamika, mkweli atacheza.

Swali: Kwenye tenisi ya meza ya wawili wawili, mimi nina 52 na mwenzangu 66. Tunaingia kundi gani?

Jibu: La 50–54. Hufuatwa umri wa mdogo. Wengine hupenda wastani, lakini hapo ndipo kila mtu humleta mpwa wake.

Swali: Drafti na karata kweli ni michezo ya kutoa medali? Watu wamekaa tu.

Jibu: Njoo ukae nao saa tatu mfululizo halafu uniulize tena. Kitu kimoja tu: weka saa mezani, dakika 15 kwa kila mchezaji. Bila saa, kuna babu mmoja ambaye hadi sasa angekuwa anafikiria kete ya pili.